Migomba Chini ya Theluji: Mimea ya Kigeni katika Bustani za Nchi za Baridi

Mimea ya kigeni inayostahimili baridi ni ile yenye sura ya nchi za joto lakini inayoweza kuishi nje, ardhini, mahali ambapo maji huganda kila mwaka. Migomba yenye majani mapana, mitende, makangaga marefu kama miti, jamaa za mkonge na mianzi inayozidi urefu wa nyumba huonekana siku hizi katika bustani za London, Vancouver na miji ya Uholanzi. Mtu aliyekulia Bukoba akiuona mgomba huo mwezi wa Agosti, huenda asiamini kwamba kufikia Januari unaweza kuwa umefunikwa na theluji, na kwamba Juni utatoa majani tena.

Mingi ya mimea hii haikutoka pwani wala msitu wa ikweta. Imetoka milimani, au kwenye nyanda kavu ambako usiku ni wa baridi kali. Kazi ya mtunza bustani ni kujua mmea wake umezoea baridi ya namna gani, kisha kuukinga na ile usiyoizoea, hasa baridi iliyochanganyika na maji.

Ilikoanzia

Tamaa ya mimea ya aina hii ilikua Uingereza katika karne ya 19, wakati wakusanyaji wa mimea walipokuwa wakitumwa China, Japani, Australia na Amerika ya Kusini. Robert Fortune, Mskoti anayejulikana zaidi kwa kuhamishia India miche ya chai kutoka China, aliuona mtende mmoja kwenye kisiwa cha Chusan, leo Zhoushan, pwani ya mashariki ya China. Mwaka 1849 miche aliyoituma ilifika Uingereza, na mmoja ukapandwa Osborne, makazi ya Malkia Victoria katika kisiwa cha Wight. Mtende huo sasa una jina lake: Trachycarpus fortunei.

Katika miaka ya 1860, bustani ya umma ya Battersea mjini London ilianza kupamba vitalu vyake kwa mimea ya majani makubwa wakati wa kiangazi, na mwaka 1871 William Robinson akatoa kitabu kizima juu ya ukulima huo. Lakini sehemu kubwa ya mimea hiyo ilirudishwa kwenye nyumba za kioo kabla ya baridi. Kuzipasha joto nyumba hizo kulihitaji makaa mengi na vibarua wengi, na gharama zilipopanda mtindo ukafifia.

Ulirudi kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 20. Mwaka 1993, katika bustani ya Great Dixter huko Sussex, mwandishi na mtunza bustani Christopher Lloyd pamoja na msaidizi wake Fergus Garrett waling'oa bustani ya mawaridi iliyosanifiwa na Edwin Lutyens. Mahali pake walipanda migomba, makana (Canna) na dalia. Wapenzi wa mawaridi walinung'unika, lakini wengi waliiga. Safari hii mkazo ulikuwa kwenye mimea inayoweza kubaki ardhini mwaka mzima.

Jinsi baridi inavyoua

Joto likishuka chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi, maji yaliyo katika nafasi kati ya seli za mmea huanza kuganda kabla ya yale yaliyo ndani ya seli. Barafu hiyo huvuta maji kutoka ndani ya seli, nazo hunywea. Kwa hiyo mmea unaokufa kwa baridi mara nyingi huwa umekufa kwa kukaushwa. Barafu ikifika ndani ya seli yenyewe, utando wake hupasuka na seli haiponi. Ndiyo maana jani la mgomba lililopigwa na jalidi usiku huonekana asubuhi kana kwamba limechemshwa: laini, lenye maji, na baada ya siku mbili jeusi. Wakulima wa chai wa Kericho na Limuru wanaijua hasara hiyo, kwani jalidi huunguza majani machanga ya chai yao katika usiku wa anga tupu.

Mimea iliyozoea majira ya baridi hujiandaa. Siku zinapofupika na usiku kupoa, huacha kukua, huongeza sukari ndani ya seli na kubadilisha mafuta ya utando wa seli ili ubaki laini hata kwenye baridi. Maandalizi haya huchukua wiki kadhaa. Mmea uliokwisha kujiandaa unaweza kuvumilia Januari baridi ambayo ingeuua Oktoba. Kwa sababu hiyo watunza bustani huacha kutoa mbolea ya naitrojeni mwishoni mwa Agosti: machipukizi laini ya dakika za mwisho ndiyo ya kwanza kufa. Hatari nyingine kubwa ni jalidi ya Aprili au Mei, wakati mmea umeshaamka na kuchipua.

Kuna pia kiu ya majira ya baridi. Ardhi ikiganda, mizizi haiwezi kunywa, ilhali upepo na jua vinaendelea kuyakausha majani ya mmea usiopukutisha. Na kuna maji yaliyotuama kwenye udongo mzito, yanayoozesha mizizi iliyolala. Katika Uingereza yenye mvua nyingi za baridi, kuoza huko kunaua mimea mingi ambayo ingeistahimili baridi peke yake bila shida.

Mpungate mdogo uitwao Opuntia fragilis ni ushahidi mzuri. Mmea huu wa jamii ya kakati huota porini hadi kwenye nyanda za Kanada, ambako joto hushuka hata nyuzi 30 chini ya sifuri. Kabla ya baridi hupunguza maji mwilini, vipande vyake vinene vikasinyaa, vikakunjamana na kulala chini. Hapo hakuna maji mengi ya kuganda. Ukipandwa katika udongo wa mfinyanzi wa Uingereza, kwenye baridi iliyo nyepesi zaidi, huoza.

Namba zinazosaidia, na mipaka yake

Wizara ya Kilimo ya Marekani imeigawa nchi katika kanda 13 kwa kufuata wastani wa usiku wa baridi kuliko zote katika mwaka. Ramani hiyo ilisahihishwa mwaka 2012 na tena 2023. Chicago imo katika kanda ya 6, ambako usiku huo hufika kati ya nyuzi 23 na 18 chini ya sifuri. Kanda ya 8 ni kati ya nyuzi 12 na 7 chini ya sifuri. Uingereza, Jumuiya ya Kifalme ya Kilimo cha Bustani hutumia madaraja kuanzia H1, kwa mimea inayohitaji nyumba ya kioo, hadi H7, kwa ile inayovumilia zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Namba hizi ni mwanzo mzuri, lakini zinapima jambo moja tu. Hazisemi baridi inadumu saa 3 au wiki 3, wala kama ardhi ni kavu au imelowa, wala kama kiangazi kina joto la kutosha kukomaza shina. Dallas kule Texas na sehemu za bara la Scotland zimo katika kanda ya 8, lakini hakuna anayeweza kudai kwamba bustani zao zinafanana.

Baridi ya kila usiku na baridi ya miezi

Tofauti ya aina za baridi inaonekana wazi kwenye Kilimanjaro na Mlima Kenya. Juu ya mita 3,500 hivi jalidi inaweza kuanguka usiku wowote wa mwaka, na mchana jua likachoma. Lobelia kubwa za huko hushikilia maji katikati ya duara la majani. Usiku sehemu ya juu ya maji hayo huganda, na chini yake chipukizi hubaki salama. Seneshia kubwa za Mlima Kenya hufunga majani yake usiku kulizunguka chipukizi, na huacha majani makavu yaning'inie kwenye shina na kulikinga na baridi.

Mtu angetarajia mimea hiyo iishi kwa raha Ulaya, lakini imekuwa migumu sana kukuzwa nje. Imejengwa kwa usiku wa saa 12 unaofuatwa na jua, kila siku, na haina desturi ya kulala. Miezi 3 ya giza, ubaridi na unyevu ni jambo geni kwake.

Mimea mingine ya milima hiyohiyo imefaulu kwa sababu ina akiba chini ya ardhi. Kniphofia thomsonii, yenye mashada ya maua ya rangi ya chungwa, huweza kupoteza majani yote na kuchipua tena kutoka kwenye mizizi. Impatiens tinctoria ya nyanda za juu za Afrika Mashariki hufikia karibu mita 2 na kutoa maua makubwa meupe yenye koo la zambarau. Viazi vyake huvumilia baridi ya wastani vikifunikwa vizuri. Wanawake wa Ethiopia wamezoea kuitumia mizizi yake kupaka rangi mikono na miguu.

Mimea inayotegemewa zaidi

Katika mitende, ule wa Chusan bado ni wa kwanza. Shina lake limevikwa nyuzi za kahawia, na mti uliokomaa huweza kuvumilia nyuzi 15 hivi chini ya sifuri kwa muda mfupi. Miche michanga haina nguvu hiyo, kwa hiyo hukingwa miaka ya mwanzo. Mitende ya jamii hii imesimama miaka mingi kando ya ufuko wa English Bay, Vancouver.

Mgomba unaopandwa ni Musa basjoo. Asili yake ni kusini mwa China, ingawa Ulaya iliupata kupitia Japani. Majani yake hufa joto linapofika sifuri au chini kidogo, na shina nalo hufa baridi ikizidi, lakini kisiki kilichofunikwa chini ya ardhi huishi na kutoa machipukizi. Hauliwi: ndizi zake ni fupi na zimejaa mbegu. Ukipata maji na samadi ya kutosha hutoka ardhini Mei na kufikia mita 2 au 3 kabla ya Septemba.

Kangaga kubwa la Australia na Tasmania, Dicksonia antarctica, hupendwa kwa kivuli chake. Kinachoonekana kama shina, kwa sehemu kubwa, ni mizizi iliyosongamana, kwa hiyo wakati wa kiangazi humwagiliwa shina lenyewe. Hukua sentimita chache tu kwa mwaka, na kwa hiyo huuzwa kwa urefu. Mche wa mita 2 ni wa miaka mingi na bei yake ni ya kutisha.

Mahali pakavu na penye jua, jamaa za mkonge hufaa. Agave parryi ya Arizona, New Mexico na kaskazini mwa Mexico huvumilia baridi kali mradi mizizi yake isikae majini. Yucca filamentosa ya kusini mashariki mwa Marekani ni ngumu zaidi. Kwenye kivuli hupandwa Fatsia japonica, na penye unyevu hupandwa maua ya jamii ya tangawizi, Hedychium, yanayotoka Himalaya.

Mti wa Paulownia tomentosa wa China hufanyiwa hila: hukatwa karibu na ardhi kila mwisho wa baridi, hubakizwa chipukizi moja, nalo hupanda mita 2 au zaidi kwa msimu na kutoa majani ya upana wa nusu mita. Mbarika, ambao Afrika Mashariki huota wenyewe kando ya njia, Ulaya hupandwa kwa mbegu kila mwaka kama pambo, aghalabu wenye majani mekundu. Mbegu zake zina sumu kali, kwa hiyo haupandwi wanapocheza watoto.

Mahali na udongo

Bustani moja ina hali ya hewa zaidi ya moja. Katika nusutufe ya kaskazini, ukuta wa matofali unaotazama kusini hunywa joto la mchana na kulitoa usiku. Hewa baridi ni nzito na huteremka, kwa hiyo huzama bondeni au nyuma ya uzio ulio chini ya mteremko. Hapo jalidi huanguka kwanza na kuondoka mwisho. Katikati ya miji mikubwa usiku huwa na joto kidogo kuliko mashamba ya pembeni, na karibu na bahari baridi haishuki sana.

Inverewe, kaskazini magharibi mwa Scotland, iko kaskazini zaidi kuliko Moscow, lakini bahari iliyopashwa na mikondo ya Atlantiki huizuia isigande kama bara. Osgood Mackenzie alipoanza bustani hiyo mwaka 1862 alikuta rasi tupu inayopigwa na upepo wa chumvi. Alianza kwa kupanda miti ya kuzuia upepo, akasubiri miaka mingi ikue, ndipo akaleta mimea ya kigeni. Bustani ya Tresco, katika visiwa vya Scilly, iliyoanzishwa na Augustus Smith mwaka 1834, nayo inategemea bahari na miti ya kinga. Januari 1987 theluji na baridi isiyo ya kawaida viliua sehemu kubwa ya mimea yake. Miaka 3 baadaye dhoruba ikaangusha miti mingi ya kinga. Ilibidi kupandwa upya.

Kwa udongo, kanuni ni kuuondolea mmea maji ya baridi bila kuunyima maji ya kiangazi. Jamaa za mkonge na mipungate hupandwa kwenye tuta lenye changarawe nyingi, na wengine huilaza ubavu kidogo ili mvua isitulie katikati ya majani. Migomba na makana hutaka mboji nzito na samadi. Mmea wa kwenye chungu uko hatarini zaidi ya ule wa ardhini, kwa kuwa mizizi huwa dhaifu kwa baridi kuliko shina, na ndani ya chungu baridi huizunguka pande zote.

Kuufunika mgomba

Kazi hii hufanywa baada ya jalidi ya kwanza kuyafanya majani meusi, kwa kawaida kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba. Majani hukatwa kwa kisu na shina hubakizwa mita 1 hadi 1.5. Vigingi vinne hukitwa kulizunguka, na kuzungushiwa wavu wa waya kama ule wa banda la kuku. Ndani ya tundu hilo hushindiliwa majani makavu ya ngano hadi yafunike kichwa cha shina. Juu huwekwa kifuniko cha kuzuia mvua, lakini pande huachwa zipitishe hewa. Anayelifunga shina lote kwa nailoni hulikuta limeoza, kwa sababu unyevu haukupata pa kutokea.

Aprili kifuniko huondolewa kidogo kidogo, na nyasi huwekwa karibu kwa usiku wa jalidi. Sehemu ya juu iliyolainika hukatwa vipande vyembamba kuteremka chini, hadi kisu kifike kwenye nyama nyeupe na ngumu. Shina likiwa hai, katikati ya mkato huchomoza jani jipya lililoviringika, wakati mwingine ndani ya siku chache. Asiyejali kuupoteza urefu wa shina hulikata karibu na ardhi na kutandaza juu ya kisiki matandazo ya unene wa sentimita 30.

Makangaga hufanyiwa kazi nyepesi zaidi: konzi ya nyasi kavu husukumwa katikati ya taji, ambako majani ya mwaka ujao yamejikunja, na majani ya zamani hukunjwa juu yake na kufungwa. Mitende iliyokomaa huhitaji tu majani yake kufungwa pamoja theluji nzito inapotarajiwa. Theluji iliyolala juu ya ardhi, kwa upande wake, ni msaada, maana huzuia baridi ya hewa isishuke hadi kwenye mizizi.

Inayoingizwa ndani

Mimea mingine haifai kuachwa nje. Ensete ventricosum, mgomba wa milima ya Afrika Mashariki na Ethiopia, ndio chakula cha mamilioni ya watu kusini mwa Ethiopia, na Ulaya hupendwa kwa majani yake mekundu. Tofauti na Musa basjoo, kwa kawaida hautoi machipukizi pembeni. Una kilele kimoja, na kikiganda mmea umekwisha. Kwa hiyo hung'olewa kabla ya baridi kali, majani mengi hukatwa, hugeuzwa kichwa chini kwa siku kadhaa ili maji yatoke, kisha huhifadhiwa karibu kukauka mahali pasipoganda. Viazi vya dalia na makana navyo huchimbuliwa katika bustani za baridi zaidi, hukaushwa na kuwekwa kwenye mchanga mkavu hadi machipuko.

Mimea inayozoea kupita kiasi

Hata kwa uangalifu wote huo, miaka mibaya huja. Desemba 2010 ilikuwa Desemba ya baridi kuliko zote Uingereza tangu angalau mwaka 1910. Mimea mingi kutoka New Zealand, iliyokuwa imestawi kwa miaka mingi ya baridi nyepesi, ilikufa hadi mizizini. Baadhi ya iliyodhaniwa imekufa ilichipua katikati ya kiangazi, na tangu hapo ushauri wa kawaida ni kutong'oa kitu kabla ya Julai.

Tatizo la pili ni kinyume cha hilo. Mianzi inayotambaa hupita chini ya uzio hadi kwa jirani, hivyo hupandwa ndani ya kizuizi kigumu kilichozikwa sentimita 60 au zaidi. Katika jimbo la Ticino, kusini mwa Uswisi, ndege wamesambaza mbegu za mtende wa Chusan hadi miche yake imejaa misituni na kuzuia miti ya asili kuota. Tangu Septemba 2024 Uswisi imepiga marufuku kuuza mtende huo. Wenye mitende iliyokwisha kupandwa wanaweza kupunguza madhara kwa kuyakata mashada ya maua kabla matunda hayajaiva. Anayetaka kupanda mmea wowote wa kigeni leo hulazimika kuangalia orodha ya mimea iliyokatazwa katika nchi yake, sambamba na kanda ya baridi anayoishi.